Lebo za DNA zinazojisahihisha: Hamming, Golay, Tenengolts au kutafutiwa na kompyuta?

Tuseme maabara moja ya Kisumu ina sampuli 96: maji ya Ghuba ya Winam, mbu wa mashamba ya mpunga ya Ahero, tope la Ziwa Nakuru. Kuzisoma moja moja ni gharama isiyobebeka, kwa hiyo huchanganywa na kusomwa kwa mpigo mmoja. Kabla ya kuchanganywa, kila sampuli huunganishwa na lebo yake, kipande kifupi cha DNA cha herufi 8 au 12 kinachoonyesha ilikotoka. Herufi moja ya lebo ikikosewa, mbu wa Ahero anaandikwa kwenye hesabu ya tope la Nakuru, na majedwali yatatoka masafi kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Hamming, Golay na Tenengolts ni misimbo: kanuni za kuchagua lebo ili kosa ligundulike na lirudishwe. Kwa asiye na muda: lebo inayosomwa kwa mizunguko yake yenyewe kwenye Illumina (mashine ya kusoma DNA, mzunguko mmoja ni herufi moja), chukua Hamming ya GF(4) ya herufi 8, ila usome mizunguko miwili ya ziada (sababu iko chini). Ukihitaji lebo nyingi zaidi na unaweza kulipia herufi 12, chukua Golay. Lebo ikiwa mwanzoni mwa usomaji, ikifuatwa na praima (kipande cha DNA cha kuanzishia unakili), hizo mbili hazikufai. Nenda kwa Tenengolts au umbali wa Levenshtein (hesabu ya herufi zilizobadilika, kudondoka au kupenya). Kwa MinION, mashine nyingine ya kusoma DNA, tumia lebo za kiwandani za herufi 24 na usijisumbue kubuni zako.

Hamming inayohesabu kwa herufi zenyewe

Herufi za DNA ni nne, na aljebra ina uga wa vipengele vinne, GF(4): 0, 1, ω na ω². Sheria zake ni chache. Kitu kikijumlishwa na chenyewe ni sifuri. 1 + ω = ω². ω × ω² = 1. Basi.

Mpangilio wa herufi usiuchague ovyo. Weka A = 0, T = 1, C = ω, G = ω². Kwa mpangilio huo, kupata herufi ya upande wa pili wa uzi (A kwa T, C kwa G) ni kujumlisha 1 tu. Ukipanga kialfabeti msimbo utasahihisha vilevile, lakini utapoteza faida tutakayoiona sasa hivi.

Lebo ya herufi 8 ina herufi tano huru, d1 hadi d5, na tatu za ukaguzi:

p1 = d1 + d2 + d4
p2 = d1 + d3 + ω·d4 + ω²·d5
p3 = d2 + d3 + ω²·d4 + ω·d5

Chukua CATGA. p1 ni ω + 0 + ω² = 1, yaani T. p2 ni ω + 1 + 1 + 0 = ω, yaani C. p3 ni 0 + 1 + ω + 0 = ω², yaani G. Lebo kamili ni CATGATCG: C na G jumla nne kati ya nane, na hakuna herufi inayojirudia mara mbili mfululizo.

Sasa mashine isome T ya nafasi ya tatu kama G: CAGGATCG. Jumlisha kila ukaguzi pamoja na herufi yake ya p na utapata sindromu, yaani majibu matatu ya ukaguzi: (0, ω, ω). Kila nafasi ina alama yake katika milinganyo ile. Ya tatu ni (0, 1, 1), kwa sababu d3 haimo kwenye p1 na imo kwenye p2 na p3. Sindromu yetu ni ω mara alama hiyo. Kosa liko nafasi ya tatu na ukubwa wake ni ω. G + ω = T, lebo imerudi. Dikoda (kisahihishi) nzima ni jedwali la mistari 24, nafasi nane mara makosa matatu. Sindromu zisizo sifuri ni 63, kwa hiyo 39 zilizobaki zinamaanisha makosa yamezidi moja na usomaji huo utupwe. Usilazimishe kuusahihisha, wengi huuweka kwa lebo iliyo karibu na kuita hilo uokoaji.

Maneno halali ni 4⁵, yaani 1,024. Yenye C na G nne kamili ni 288. Hapo ndipo mpangilio wetu wa herufi unapolipa. Milinganyo ile imechaguliwa ili neno lenye 1 tupu, TTTTTTTT, liwe halali. Kwa hiyo ukijumlisha 1, ω au ω² kwenye kila herufi ya lebo halali unapata lebo nyingine halali:

CATGATCG
GTACTAGC
ACGTCGAT
TGCAGCTA

Tazama safu yoyote kutoka juu kwenda chini: ina A, C, G na T, moja moja. MiSeq, mashine ya Illumina, hutumia leza moja kwa A na C, nyingine kwa G na T, na mzunguko wenye rangi ya upande mmoja tu huivuruga mashine. NextSeq nayo haioni mwanga wowote kwenye G, hivyo nafasi iliyojaa G ni giza. Ukichagua lebo kwa mafungu ya nne nne namna hii, tatizo la rangi limekwisha hata ukiwa na sampuli nne tu. Kiasi cha C na G kinabaki nne kwa kila moja, na kama ya kwanza haina herufi zinazojirudia mfululizo, wenzake watatu pia hawana. Lebo 288 ni mafungu 72 ya aina hiyo. Sahani ya visima 96 inahitaji 24.

Hata hivyo usichukue fungu kwa macho yaliyofumba. CATGATCG ina CATG na GATC ndani yake, mahali ambapo vimeng'enya vya NlaIII na MboI hukata. Ukitayarisha sampuli kwa kukata DNA na kimojawapo baada ya kuunganisha lebo, utakuwa umeikata lebo yako mwenyewe.

Biti mbili kwa kila herufi

Njia iliyozoeleka zaidi, kwa sababu Hamming ya biti iko kwenye kila kitabu cha kompyuta, ni kuandika kila herufi kwa biti mbili: A 00, C 01, G 10, T 11. Lebo ya herufi 8 inakuwa biti 16, na Hamming iliyoongezwa biti ya usawa inatoa maneno 2,048. Ni mara mbili ya yale 1,024, na hapo ndipo watu huvutiwa.

Bei yake imejificha. A ikisomwa T, biti mbili zimegeuka. C na G vivyo hivyo. Msimbo huu husahihisha biti moja. Zikigeuka mbili hutambua tu kwamba kuna kosa. Kati ya njia tatu ambazo herufi inaweza kubadilika, moja haisahihishiki, ingawa ni herufi moja tu iliyokosewa. Mwaka 2012 Leonid Bystrykh alipendekeza Hamming inayohesabu moja kwa moja kwa herufi nne badala ya biti. Kwa kazi mpya hatuoni sababu ya kubaki na biti, isipokuwa kama tayari una friji iliyojaa praima za zamani.

Golay

Golay iliyopanuliwa nayo ni ya biti, ila ina nguvu ya kufunika udhaifu huo. Ina biti 24, 12 kati yake ni za habari, na umbali (idadi ndogo kabisa ya biti zinazotofautisha maneno mawili) ni 8. Hiyo ni lebo ya herufi 12, maneno 4,096, na biti tatu husahihishwa. Herufi moja iliyobadilika ni biti mbili kwa wingi, kwa hiyo hurudishwa daima. Herufi mbili zikibadilika hurudishwa pia, ila pale ambapo zote mbili zimegeuza biti mbili mbili: hizo ni nne, na Golay itakwambia tu kuna kosa. Kati ya namna tisa za kubadilika kwa herufi mbili, ni moja tu iliyo hivyo.

Earth Microbiome Project hutumia lebo za Golay za herufi 12, kwa hiyo anayechunguza bakteria wa ziwani kwa jeni ya 16S atazikuta tayari kwenye orodha za praima. Mtego uko kwenye programu. QIIME 2, kwa amri ya `demux emp-single`, husahihisha kwa Golay bila kuulizwa. Ukiwa na lebo za herufi 12 ulizobuni kwa njia nyingine, itazisahihisha kwenda maneno ambayo hukuwahi kuyaagiza. Izime kwa `--p-no-golay-error-correction`.

Herufi ikidondoka

Mpaka hapa tumezungumzia herufi kubadilika. Herufi ikidondoka ni habari nyingine kabisa: ni kama foleni ya benki, mmoja akitoka walio nyuma yake wote wanasogea.

Illumina ina lebo mbili, i7 na i5, moja kila upande wa kipande cha DNA. Kwenye i7, herufi inayofuata lebo katika usomaji ni A, kwa sababu adapta (DNA ya kuunganishia inayobeba lebo) inaendelea na ATCTCGTATG. Sasa CATGATCG ipoteze A ya nafasi ya pili. Mashine inasoma mizunguko minane kama kawaida, kwa hiyo inaazima A ya adapta: CTGATCGA. Linganisha na asili na utaona nafasi saba kati ya nane zimeharibika. Kokotoa sindromu: (1, 1, 0). Hiyo ni alama kamili ya nafasi ya kwanza. Dikoda inasahihisha C kuwa G kwa uhakika wote na kukupa GTGATCGA, neno halali la msimbo uleule, lenye C na G nne, lisilo na herufi za kujirudia. Kama liko kwenye sahani yako, sampuli hiyo imepokea usomaji usio wake.

Mtu atasema Illumina haidondoshi herufi mara kwa mara. Kweli, lakini kiwanda kinachotengeneza praima zinazobeba lebo hudondosha. DNA hujengwa herufi moja moja, na kila hatua ikifaulu kwa asilimia 99.5, praima ya herufi 60 hutoka nzima asilimia 74 hivi ya mara. Nyingi kati ya zilizobaki zimekatikia njiani au zimepungukiwa na herufi katikati. Mashine itakisoma kwa usahihi kabisa kitu ambacho tangu kiwandani hakikuwa lebo uliyoagiza. Kuagiza praima zilizosafishwa kwa HPLC au PAGE kunapunguza tatizo, na kwa lebo tungelipia hilo kabla ya kulipia kitu kingine chochote.

Tiba ya bei nafuu kwenye Illumina ni kusoma mizunguko 10 badala ya 8. Lebo nzima lazima ifuatwe na AT kwenye nafasi ya 9 na 10. Ikidondosha herufi moja, A husogea nafasi ya 8 na nafasi ya 9 na 10 zinakuwa TC. Huhitaji hata kuisahihisha, itupe.

Tenengolts

Grigory Tenengolts alitoa mwaka 1984 msimbo wa alfabeti yoyote unaorudisha herufi moja iliyodondoka au iliyopenya. Wa biti ulikuwepo tangu 1965, wa Varshamov na Tenengolts. Hapa tunatumia namba za kawaida: A = 0, C = 1, G = 2, T = 3, na masharti mawili. La kwanza: jumla ya herufi zote, ukigawanya kwa 4, ibaki na salio uliloliweka. La pili: tafuta kila nafasi ambayo herufi yake si ndogo kuliko iliyoitangulia, chukua namba ya nafasi ukitoa 1, jumlisha, gawanya kwa 8, na salio liwe uliloliweka.

CATGATCG ni 1, 0, 3, 2, 0, 3, 1, 2. Jumla 12, salio 0. Nafasi zinazopanda ni ya 3, 6 na 8: 2 + 5 + 7 = 14, salio 6. Neno hili liko kwenye kundi la (6, 0).

Tukipokea CTGATCG ya herufi saba, jumla yake ni 12. Kwa kuwa salio lazima liwe 0, herufi iliyopotea ni A. Iko wapi? Ipachike mbele ya zote, ACTGATCG, na hesabu ya pili inatoa 7. Ipachike baada ya C, inatoa 6. Baada ya T, inatoa 0. Tunataka 6, kwa hiyo jibu ni CATGATCG. Jirani yetu mbaya GTGATCGA yuko kundi la (3, 1), kwa hiyo hawawezi kukaa kwenye orodha moja.

Makundi ni 32 na maneno yote ya herufi 8 ni 65,536, kwa hiyo kundi kubwa kuliko yote lina angalau maneno 2,048. Kasoro ni kwamba peke yake Tenengolts haisahihishi herufi iliyobadilika. Ukitaka yote mawili, chukua maneno 1,024 ya Hamming ya GF(4), uyagawe kwenye makundi 32, na ubaki na kundi moja. Angalau moja litakuwa na maneno 32 au zaidi, na ndani yake kosa moja la aina yoyote, herufi kubadilika, kudondoka au kupenya, linarudishika. Kwa sampuli 96 hayo hayatoshi moja kwa moja, na ukichuja C na G yatapungua tena. Njia ni kuweka lebo pande zote mbili: 12 mbele, 8 nyuma, na 12 × 8 ni 96.

Sharti lenyewe ndilo gumu. Tenengolts lazima ijue lebo iliyopokelewa ina herufi saba, nane au tisa. Kwenye lebo iliyo ndani ya usomaji, itafute praima kwanza, kisha hesabu kilicho mbele yake. Usikate herufi nane za kwanza kwa mazoea, maana ukikata umeshafuta ushahidi wa urefu.

Kuiachia kompyuta itafute

Mwaka 2013 Tilo Buschmann na Bystrykh walileta umbali wa Levenshtein uliorekebishwa kwa DNA, ambao hauhitaji kujua lebo inaishia wapi. Hakuna aljebra hapa: kompyuta hupitia maneno yote na kuokota yaliyo mbali na wenzake. Kifurushi cha R kiitwacho DNABarcodes, kutoka Bioconductor, hufanya kazi hiyo:

`create.dnabarcodes(8, dist=3, metric="seqlev", heuristic="ashlock")`

Bila kuambiwa, huondoa maneno yenye herufi tatu mfululizo zinazofanana, yaliyoegemea upande mmoja wa C na G, na yanayojikunja yenyewe. Usisahau `metric`, ukiiacha, hutumia Hamming na utadhani una ulinzi ambao huna.

Unachokosa ni muundo. Hakuna sindromu, hakuna mafungu ya nne nne yenye rangi zote, na ukitaka lebo kumi za ziada mwaka ujao lazima utafute upya ukizishika za zamani. Kusahihisha ni kulinganisha kila usomaji na kila lebo. Kwa lebo 96 kompyuta ya kawaida haitaona uzito. Kwa lebo iliyo ndani ya usomaji tungechagua njia hii mara nyingi kuliko Tenengolts, kwa sababu tu ina njia chache za kukosewa na mtu mwenye haraka.

Kwa cutadapt, programu ya kutenganisha usomaji kwa lebo, msimbo na amri lazima viendane. Lebo za Hamming zipewe `--no-indels`. Za Levenshtein zisipewe.

Yanayotajwa mno

Reed–Solomon ni chombo cha kuhifadhi data ndani ya DNA, ambako vipande vizima hupotea: RS(255, 223) hurudisha baiti 16 zilizokosewa, au 32 zilizopotea ukijua zilikuwa wapi. Juu ya GF(4) urefu wake hauzidi herufi tano, kwa hiyo kwa lebo za sampuli uachane nayo. Misimbo ya Z4 (hesabu za salio la kugawanya kwa 4) ni mizuri kwenye karatasi, ila 2 × 2 ni sifuri, huwezi kugawanya kwa 2, na dikoda inakuwa ngumu bila faida utakayoiona.

Misimbo ya kuzunguka, ambayo neno lake likizungushwa hubaki halali, inafaa kutajwa kwa ajili ya mashine zinazosoma nyuzi zote mbili, kama MinION, ambako lebo huja pia kinyumenyume. x² + ωx + 1 inagawanya x⁵ − 1 na inasomeka sawa kutoka mbele au nyuma, kwa hiyo msimbo wake wa herufi tano, maneno 64 na umbali 3, una kinyume-kamilishi cha kila neno (neno lisomwe kutoka nyuma, A na T zikibadilishana, C na G vivyo hivyo). Kwa kuwa urefu si shufwa, hakuna neno lililo kinyume-kamilishi chake lenyewe. Chagua moja kati ya kila jozi na una lebo 32 zisizogongana upande wowote. Kwa makosa ya MinION, herufi tano hazitoshi. Tumia wazo hilo kama sehemu ya lebo ndefu zaidi.

Kabla ya kutuma oda

Hakuna msimbo hata mmoja hapa unaogusa lebo kuruka kutoka sampuli moja hadi nyingine kwenye mashine kama NovaSeq. Lebo iliyoruka ni neno halali, sindromu yake sifuri. Kinga ni kila sampuli kuwa na i7 yake na i5 yake, na hata moja isirudiwe kwa mwingine. Sampuli 96 zitataka lebo 192, mafungu 48 kati ya yale 72, na mpango wa 12 × 8 wa hapo juu hautafaa.

Baadhi ya mashine za Illumina husoma i5 kinyume-kamilishi. Lebo zetu 288 zikigeuzwa hivyo, nusu yake hubaki halali (CATGATCG ni mojawapo) na nusu hazibaki, na hizo za pili ndizo zinazosaidia. Chukua usomaji elfu chache wa mwanzo, kokotoa sindromu kabla ya kusahihisha chochote. Mwelekeo ukiwa sawa, karibu zote zitakuwa sifuri. Zikiwa sifuri nusu tu hivi, geuza lebo na ukokotoe tena kabla hujaandikia kiwanda barua ya malalamiko.